Tairi la Majira Yote na Njia ya Chepilat



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeliweka kando somo la mirathi tulilokuwa nalo, kwa sababu tumeletewa suala lisilongoja. Ni suala la matairi ya gari. Huenda wako watakaostaajabu kuona ukurasa huu umetoka kwenye mafungu ya warithi ukaingia gereji. Lakini mafungu ya warithi hugawanywa baada ya mtu kufa, na suala hili lahusu kumhifadhi mtu angali hai. Kwa hivyo limestahiki kutangulia.

SUALA

Mama mmoja wa hapa Mombasa atuandikia kwamba binti yake ameolewa Chepilat, katika nchi ya majani chai, kwenye barabara itokayo Sotik kwenda Kisii. Binti ana mimba ya kwanza, na zimebaki wiki tano ajifungue. Jamaa wameazimia kwenda na gari lao: baba, mama, nyanya na watoto watatu, mkubwa wao kijana wa miaka 19. Gari lenyewe ni lile la juu-juu la kubebea familia, lina miaka miwili tangu litoke bandarini, na matairi ni yale yale lililokuja nayo kutoka Japani. Sasa yamekaribia kuwa vipara. Mkwe wao amepiga simu akasema, "Msije na matairi hayo, huku mvua hainyeshi kwa miadi." Muuzaji mmoja amewaonyesha matairi mapya aliyoyaita ya majira yote. Fedha waliyo nayo yatosha matairi mapya mawili, au manne ya mitumba. Mumewe asema Mungu ndiye mlinzi na safari ni ya kheri, basi waende. Mama auliza mambo matatu: Je, tairi la majira yote lafaa kweli majira yote? Je, yafaa kununua matairi ya mitumba? Na je, akishikilia kwamba wasiondoke na matairi hayo, atakuwa amepunguza tawakali yake?

JAWABU

Twaanza na la tatu, kwa kuwa ndilo msingi wa mengine. Kila mtoto wa chuoni amesomeshwa kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Kisa hicho kimesimuliwa kwa ajili ya siku kama hii. Tawakali ni kazi ya moyo, na kufunga kamba ni kazi ya mkono, na wala moja haitoshi badala ya nyingine. Mama anayemzuia mumewe asipande njia ndefu na matairi yaliyokwisha hajapunguza tawakali. Ametimiza sehemu ya mkono.

Tena liko jambo zito zaidi, nalo twamwambia mumewe kwa heshima yote, maana nia yake ni njema na hatumtuhumu. Mwenye kuendesha gari amebeba amana ya roho za watu. Mafakihi wa zama zetu wamesema kwamba dereva aliyezembea, kwa mfano aliyejua ila ya gari lake akalipuuza, kisha akasababisha mtu kufa, hatoki kwa kusema tu kuwa ni kadari. Kadari ni kadari, lakini mauaji ya makosa yana dia na yana kafara, na kafara hiyo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hayo ni ya mtu wa mbali. Sasa afikirie ikiwa aliyekufa ni mamake mzazi au mwanawe. Fedha ya matairi hupatikana kwa kujibana. Hicho kingine hakina duka linalokiuza.

Baada ya hapo tuje kwenye jina la "majira yote". Jina hili tumelipokea kutoka nchi zenye baridi kali. Huko ilikuwa ada ya watu kuwa na matairi ya kiangazi na mengine ya theluji, wakiyabadilisha mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ya Marekani ilitoa tairi liitwalo Tiempo, lililokusudiwa kumtosheleza dereva mwaka mzima, na tangu hapo aina hiyo ikaenea. Basi majira yaliyokusudiwa ni ya kwao: joto lao, mvua yao na theluji nyepesi. Ubavuni mwa matairi hayo mara nyingi huandikwa M+S, na maana yake ni tope na theluji. Alama hiyo yaeleza umbo la mifereji iliyochongwa juu ya uso wa tairi. Haina maana kwamba tairi limejaribiwa likafaulu katika tope lolote, wala la Bomet wala la Kwale.

Majira yetu sisi watu wa pwani ni kaskazi na kusi, masika na vuli. Theluji hatuna, na Chepilat nako hakuna. Baridi ya huko humfanya mtu wa Mombasa aulize blanketi la pili, lakini si baridi ya kugandisha. Raba ya matairi ya kawaida hukakamaa pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na familia hii haitakuwa njiani katika baridi ya namna hiyo. Kwa hivyo hakuna haja ya kulipia theluji. Wanachokihitaji ni viwili: tairi linaloshika lami iliyorowa, na tairi linalostahimili lami ya moto ya Voi na Mtito Andei saa nane mchana. Tairi likiitwa la majira yote na likawa na sifa hizo mbili, lafaa. Likikosa hata moja, jina halitalisaidia.

Hapa pana jambo ambalo mama hakuliuliza, nasi twaliona lazima. Magari mengi yashukayo katika bandari yetu yametumika Japani, nayo huruhusiwa kuingia yakiwa hayajazidi miaka 8. Japani ina mikoa yenye theluji nyingi, hasa Hokkaido kule kaskazini, na gari huweza kuuzwa likiwa bado limevaa matairi ya theluji. Raba ya matairi hayo ni laini kwa makusudi, ili isikakamae katika baridi. Katika lami ya joto huliwa upesi, huyumba katika kona, na gari huchukua masafa marefu kusimama. Wenye magari yaliyotoka bandarini na watazame ubavu wa tairi. Wakiona neno STUDLESS, au jina kama Blizzak, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, wajue kwamba wamevaa koti la baridi katika jua la Changamwe. Huenda ndiyo sababu matairi ya mama huyu yamekwisha ndani ya miaka miwili tu.

Mwenye kwenda kununua na ajifunze kwanza kusoma ubavu wa tairi, kwani mambo mengi ambayo muuzaji hayasemi yameandikwa pale. Tuchukue mfano wa maandishi haya: 225/65R17 102H. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo, yaani asilimia 65. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipimo cha ringi kwa inchi. Kisha 102 ni alama ya uzito ambao tairi moja laweza kuubeba, nao ni kilo 850. H ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi limepimwa kuustahimili, kilomita 210 kwa saa. Na hiyo si ruhusa ya kwenda hivyo. Vipimo vinavyolifaa gari vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Asikubali mtu tairi lenye alama ya uzito iliyo chini ya ile iliyoandikwa hapo, hata akipunguziwa bei. Sisi twawajua watu wetu: safari ya kumzuru binti haiendi na watu sita pekee. Kutakuwa na gunia la nazi, maembe, mikeka, na sanduku la nguo za mtoto. Uzito wote huo unakaa juu ya viganja vinne vya raba.

Jambo la pili la kusoma ni tarehe. Mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT pana namba nne. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa dukani, na joto la pwani huizeesha upesi zaidi. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wengi wa matairi huweka miaka 10 kuwa ukomo, hata mifereji yake ikiwa mizima. Zamani tulikuwa na matairi ya Yana yaliyotengenezwa Nairobi, lakini kiwanda kile kilifungwa mwaka 2016. Matairi mengi tuyanunuayo sasa huvuka bahari na kukaa ghalani kabla ya kutufikia. Basi "jipya" la muuzaji laweza kuwa na miaka minne. Tarehe haioni haya; iulizwe.

La tatu ni alama za upimaji wa Marekani, ambazo matairi mengi yaingiayo nchini huwa nazo. Neno TRACTION hufuatwa na AA, A, B au C, na hupima namna tairi linavyosimamisha gari juu ya njia iliyorowa. Neno TEMPERATURE hufuatwa na A, B au C, na hupima ustahimilivu wa joto. Neno TREADWEAR hufuatwa na namba, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Kwa safari ya mama huyu twapendekeza asishuke chini ya A katika mawili ya kwanza. Namba ya kudumu aitazame mwisho, kwa sababu raba ngumu hudumu sana lakini mara nyingine hulipia udumu huo kwa kuteleza katika maji.

Sasa suala la mitumba. Kisheria, kuuza na kununua kitu kilichotumika ni halali, hapana shaka. Sharti ni kwamba ila isifichwe. Wasomaji wanakumbuka ile habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta ndani ni majimaji na juu ni pakavu, akamkemea mwenye lundo na kujitenga na mwenye kughushi. Leo lundo hilo lipo kando ya barabara zetu. Liko tairi lililopakwa rangi nyeusi hadi likang'aa, na ndani yake pana kiraka ubavuni. Liko lililokwisha kabisa, kisha likachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, hata raba ikabaki nyembamba kama ganda la yai juu ya nyuzi. Mwenye kuliuza bila kusema amekula haramu, hata akiwa ni mswalihina wa safu ya kwanza. Mnunuzi naye ana hiari ya kurudisha kitu kwa sababu ya ila, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i anapoigundua ila hana ruhusa ya kukawia. Arudishe papo hapo. Asilitumie mwezi mzima kisha ndipo adai fedha yake.

Lakini kuwa halali si kuwa na maslaha. Tairi lililotumika laweza kuwa limewahi kuendeshwa bila upepo, au kubebeshwa kupita kiasi, na madhara yakawa ndani ya nyuzi ambako jicho halifiki. Muuzaji mwaminifu mwenyewe huenda asijue. Atakayetembelea gari Bamburi na Nyali kwa mwendo wa pole, na asiwe na uwezo zaidi, anaweza kuchagua la mtumba kwa uangalifu: atazame tarehe, apapase ndani na nje, akatae kiraka cha ubavuni, akatae lililovimba. Kwa njia ya zaidi ya kilomita 700, na watu sita ndani, sisi hatumshauri. Hatusemi ni haramu. Twasema si la safari hii.

Na njia hiyo ikoje? Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, nyingi zake kavu na za joto. Baada ya Nairobi gari hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, penye kona na mara nyingi penye ukungu, kisha huchukua njia ya Narok, Bomet na Sotik mpaka Chepilat. Huko juu nchi imeinuka kwa kiasi cha mita 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu zitokazo Ziwa Viktoria hukutana hapo na pepo za mashariki, na mvua huanguka mara nyingi wakati wa alasiri, si katika masika peke yake. Ndiyo maana chai imependa nchi hiyo. Mara nyingine huwa mvua ya mawe, na njia hugeuka nyeupe kwa muda. Hapo hakuna tairi litakalokufaa. Simama mahali pa salama ungoje, haikawii kupita.

Hatari iliyo kubwa zaidi katika njia hiyo ni maji yaliyolala juu ya lami. Mifereji ya tairi kazi yake ni kuyatoa maji chini ya raba ili raba iguse njia. Mifereji ikiwa mifupi na gari likawa na kasi, maji hukosa pa kupita, hujisukuma mbele ya tairi kama kabari, na gari huelea. Wakati huo usukani huwa mwepesi mkononi na breki hazina kazi. Dereva aliyezoea lami kavu ya pwani hudhani amepata njia laini, kumbe haigusi njia kabisa. Ndani ya mifereji pana vijinundu vidogo. Raba ikilika mpaka ikalingana navyo, mifereji imebaki na kina cha milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa mvua za nchi ya chai sisi twasema asingoje huko. Kikifika milimita 3, atafute mengine. Tairi jipya la gari la namna hii huanza na kiasi cha milimita 8.

Kisha iko sehemu ya mwisho, kutoka sokoni hadi nyumbani kwa mkwe. Mama ametueleza kuwa ni kilomita nne za udongo mwekundu, zenye mteremko, njia ile ile ipitayo malori ya kubebea majani chai. Udongo huo ukikauka ni mgumu kama sakafu, na ukirowa ni kama sabuni. Hapa ndipo watu huingiwa na tamaa ya kununua matairi ya meno makubwa. Twawatahadharisha. Yale ya tope tupu, yenye alama M/T, yamefanywa kwa mashamba. Juu ya lami iliyorowa hushika kwa uchache na gari hukawia kusimama. Yale ya kati, yenye alama A/T, ni ya lami na udongo kwa pamoja, nayo yamfaa mkwe wao anayeishi huko na kupita njia hiyo asubuhi na jioni. Lakini jamaa hawa watakwenda Chepilat mara mbili au tatu kwa mwaka. Watapita zaidi ya kilomita 700 za lami kwa ajili ya kilomita nne za udongo. Tairi na lichaguliwe kwa ile njia ndefu: tairi la lami, alama H/T, lenye mifereji mipana na daraja zuri la maji. Kilomita nne zilizobaki, ikiwa mvua imenyesha, waliache gari kando ya lami pale sokoni mahali penye mlinzi, wamwite mkwe, na mizigo ichukuliwe kwa namna wenyeji wanavyochukua. Si aibu kwa mgeni kuingia kwa mkwewe na viatu vyenye tope.

Limebaki la fedha, na hapa ndipo penye uzito. Matairi mapya mawili au ya mitumba manne? Tumekwisha kuyaondoa ya mitumba. Mawili mapya, lau hapangekuwa na njia nyingine, yangefungwa nyuma. Watu wengi huyafunga mbele kwa kudhani kuwa usukani ndio wenye haja, lakini gari likiteleza mbele dereva ajua na hupunguza mwendo, na likiteleza nyuma hugeuka kabla hajajua. Tena magari yanayosukuma kwa magurudumu yote manne kila wakati hayapendi matairi mapya na makuukuu pamoja, kwa sababu tofauti ya ukubwa huumiza gia za kati. Fundi aulizwe na kitabu kisomwe. Pamoja na hayo, mawili mapya nyuma na mawili vipara mbele si gari la kwendea Chepilat katika mvua. Hilo hatulipitishi.

Rai yetu ni hii. Binti anamhitaji mamake, na siku za kujifungua hazingoji mshahara wa mwezi ujao. Basi mama atangulie, na kijana wake wa miaka 19 afuatane naye, maana ndiye maharimu wake. Wapande treni ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo imekuwapo tangu 2017, wapumzike, kisha asubuhi wachukue gari la abiria la njia ya Narok. Na kabla ya kupanda watazame matairi ya gari hilo pia. Hapana adabu inayomkataza abiria kuinama akatazama. Baba, nyanya na watoto wawili wabaki Mombasa. Ile fedha ya matairi mawili iwekwe, ile ya petroli ambayo haikutumika iongezwe juu yake, na lile la kujibana lifanywe, mpaka yapatikane manne mapya yanayolingana. Ndipo waende kwa akika. Akika ni sunna siku ya saba, na ikichelewa kwa udhuru haiharibiki. Wanavyuoni wetu wameiachia wasaa. Mtoto hatajua kwamba babu yake alichelewa wiki tatu. Atajua tu kwamba alifika.

Watakapokuwa tayari kuondoka, yako machache ya kuzingatia. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kiasi cha kibandiko cha mlangoni, na kama kibandiko kina kipimo cha gari lenye mzigo kifuatwe hicho. Upimwe tena asubuhi ya kwanza huko juu, kwani baridi huushusha upepo na mwinuko wa nchi huupandisha. Fundi anapofunga matairi mapya abadilishe na valvu, atie balansi na anyooshe magurudumu, na nati zikazwe tena baada ya kilomita mia moja hivi. Spea nayo itazamwe tarehe yake na upepo wake. Wengi hukumbuka kuwa wana spea siku waliyopata pancha. Katika senta za njiani mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na penye maji upunguzwe bila kungoja kibao. Wasiendeshe usiku wakiwa wamechoka. Walale Nairobi au Narok, waondoke baada ya Alfajiri, waingie Chepilat kabla ya mvua ya alasiri. Na asiwepo wa kukimbiza gari kwa ajili ya swala. Msafiri ameruhusiwa kufupisha na kukusanya, na ruhusa ya Mola ni sadaka, ipokewe kwa utulivu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amjaalie binti huyu uzazi wa salama, ampe mtoto mwema na mwenye afya, na awafikishe jamaa zake kwake wakiwa wazima, na awalinde wasafiri wote wa barabara zetu, wanaojua hatari na wasiojua. Amin.

Wiki ijayo, inshallah, tutarejea kwenye mirathi, katika fungu la mke na watoto. Wabillahi tawfiq.